Nauruzi, Siku Mpya ya Waajemi

Katika nchi ya Uajemi, ambayo siku hizi mataifa huiita Irani, mwaka mpya hauanzi saa sita ya usiku kama uanzavyo mwaka wa Kizungu, wala hauanzi kwa kuandama mwezi kama uanzavyo mwaka wa Kiislamu. Waanza kwa jua. Wasikilizaji wetu wajua ya kuwa jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Iko miezi ambayo huchomoza upande wa kaskazini kidogo, na iko miezi ambayo huchomoza upande wa kusini. Mara mbili katika mwaka hulivuka lile duara la katikati ya dunia liitwalo ikweta, na siku hizo usiku na mchana hukaribia kulingana urefu duniani kote. Sisi tukaao karibu na ikweta twaweza kuzipita siku hizo tusione lolote. Lakini katika nchi za baridi mambo ni mengine. Jua livukapo kwenda kaskazini mwezi wa Machi, theluji huyeyuka milimani, mito hujaa, na miti iliyokuwa mikavu kama kuni hutoa maua. Dakika ile ya kuvuka ndiyo dakika ambayo Waajemi huanza mwaka wao.

Tumesema dakika, wala hatukukosea. Wanajimu huipiga hesabu mapema, nayo hutangazwa nchi nzima. Mwaka 2023 dakika hiyo ilipatikana Tehran tarehe 21 Machi, saa sita na dakika 54 usiku. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 20 Machi, saa kumi na mbili na dakika 36 asubuhi. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Machi tena, saa sita na dakika 31 mchana. Watu huamka, au hukesha, au huacha kazi zao, wakaketi jamaa wote pamoja kuungojea mwaka uingie. Mwanafunzi aliye mwangalifu ataona ya kuwa kila mwaka saa yenyewe husogea mbele kwa karibu saa sita. Na alishike neno hili, maana saa sita hizo ndizo zilizoleta taabu kubwa ambayo tutaieleza.

Nauruzi maana yake ni siku mpya; neno "nau" kwa Kiajemi ni mpya, na "ruzi" ni siku. Matengenezo yake huanza majuma mengi kabla. Kwanza nyumba husafishwa yote, mazulia hutolewa nje yakafuliwa na kupigwa vumbi, na kazi hii Waajemi huiita kuitikisa nyumba. Nguo mpya hushonwa. Mama wa nyumbani huloweka ngano au dengu katika sahani ili ziote, na siku ya mwaka mpya ikifika sahani imekuwa bustani ndogo ya kijani. Jumanne ya mwisho ya mwaka, jioni, yaani usiku wa kuamkia Jumatano, mioto midogo huwashwa barabarani na viwanjani, na wakubwa kwa wadogo huiruka, wakiuomba moto uwaondolee umanjano wa ugonjwa na kuwapa wekundu wake wa afya.

Kisha huandaliwa meza, au kitambaa hutandikwa sakafuni, na juu yake huwekwa vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi huanza kwa herufi ya sini, ile wanayoijua wote waliojifunza kusoma chuoni. Ile mimea iliyooteshwa ni kimoja. Pana tufaha, kitunguu saumu, siki, sarafu, tunda kavu dogo mfano wa tende, na uji mzito wa ngano iliyochipua, ambao hupikwa usiku kucha nao huwa mtamu pasipo kutiwa sukari. Hata saba si hesabu ngumu. Vitu vyenye sini ni zaidi ya saba, na kila nyumba huchagua. Kando yake huwekwa kioo, mishumaa, mayai yaliyotiwa rangi, pengine samaki mdogo mwekundu katika bakuli la maji, na kitabu: Kurani katika nyumba nyingi, au diwani ya Hafiz, mshairi wa mji wa Shiraz. Watu wapenda kudhani ya kuwa meza hii ni ya tangu zama za wafalme wa kale, lakini vitabu vya kale sana havitaji meza ya namna hii. Sikukuu ni kongwe. Meza huenda ikawa changa kuliko sikukuu.

Mwaka uingiapo watu hukumbatiana, wakubwa wakawapa watoto noti mpya za fedha, mara nyingi zikiwa zimewekwa kwanza ndani ya Kurani. Halafu huanza ziara. Wadogo huwatangulia wakubwa kwa kuwaendea, na wakubwa huzirudisha ziara hizo. Wala si adabu mtu kumpita mzee wa ukoo akaenda kwa rafiki.

Sasa tuitazame asili yake. Waajemi wenyewe husimulia habari za mfalme Jamshid, aliyewaamuru majini wamwinue na kiti chake hata angani, naye akang'aa kama jua, watu wakaiita siku ile siku mpya. Hadithi hiyo imo katika Shahnameh, kitabu kikubwa cha mashairi alichokimaliza Ferdowsi mwaka 1010. Ni hadithi, wala si tarikh. Zaidi ya miaka 500 kabla ya kuzaliwa Kristo, mfalme Dario wa Kwanza alianza kujenga majumba ya mawe mahali ambapo Wayunani walipaita Persepolis. Katika ngazi za jumba moja zimechongwa sanamu za wajumbe wa mataifa mengi, huyu ameleta ngamia, huyu kondoo, huyu vyombo na vitambaa, wote wakipanda kwenda kwa mfalme. Wataalamu wengi wamesema ya kuwa hizo ni zawadi za Nauruzi. Yamkini ni kweli. Lakini hakuna andiko hata moja la wafalme wale linaloitaja Nauruzi kwa jina, nasi hatupendi kuyasemesha mawe yasiyosema. Habari zenye uhakika ni za wafalme wa ukoo wa Sasani, waliotawala tangu mwaka 224 hata 651. Hao walikaa barazani siku za Nauruzi, wakapokea zawadi na kusikiliza mashitaka ya watu, na dini yao ilikuwa ile ya Zoroaster.

Mwaka wa Waajemi wa zama hizo ulikuwa na miezi 12, kila mwezi siku 30, na mwishoni siku tano za nyongeza. Jumla siku 365. Hesabu hiyo ni rahisi kuishika, lakini ina kasoro. Jua halimalizi safari yake kwa siku 365 kamili, bali kwa siku 365 na karibu robo ya siku, yaani zile saa sita tulizozitaja. Mtu akizipuuza, basi kila miaka minne hupungukiwa siku moja. Kwa miaka 120 hupungukiwa mwezi mzima. Na baada ya miaka ipatayo 1,460 sikukuu yake itakuwa imezunguka majira yote, ikapita katika baridi na joto na mavuno, hata ikarudi ilikoanzia. Vitabu vya kale vyasema ya kuwa makuhani wa Kiajemi walikuwa wakiongeza mwezi mmoja kila miaka 120. Lakini dola ya Sasani iliangushwa na Waarabu, na mfalme wa mwisho, Yazdegerdi wa Tatu, akauawa mwaka 651. Hapo hapakuwa na mtu tena wa kuongeza mwezi.

Waarabu walikuja na Uislamu na hesabu ya mwezi. Mwaka wa mwezi ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, nao wafaa sana kwa ibada, kwa sababu kila mtu aweza kuuona mwezi kwa macho yake. Lakini ngano haiivi kwa mwezi. Makhalifa walikuwa na kodi ya ardhi iitwayo kharaji, na kodi ya ardhi hutoka katika mavuno. Kwa hiyo ilibidi iendelee kutozwa kwa mwaka wa Waajemi, kuanzia Nauruzi. Hivyo sikukuu ya dini ya zamani ikabaki katika madaftari ya serikali mpya. Hata maliwali wa ukoo wa Umaya walizitaka zile zawadi za Nauruzi kama walivyopewa wafalme, mpaka Khalifa Umar bin Abdul Aziz, aliyetawala miaka 717 hata 720, alipozikataza.

Sasa angalieni neno hili, maana wakulima wanaotusikiliza watalielewa kuliko wanachuoni. Nauruzi ilikuwa ikirudi nyuma siku moja kila miaka minne, na kodi ikirudi nayo. Ngano haikurudi. Katika karne ya tisa siku ya kufungua kodi ilikuwa imeangukia mwezi wa Aprili, na nafaka ingali mashambani. Al-Biruni, mwanachuoni aliyeandika kitabu kikubwa cha hesabu za miaka ya mataifa karibu na mwaka 1000, asimulia ya kuwa Khalifa al-Mutawakkil alikuwa akitembea katika mawindo yake, akaona mashamba bado ni ya kijani. Akastaajabu, kwa sababu waziri wake alikuwa amekwisha kuomba ruhusa ya kuanza kutoza. Akauliza, watu hawa watalipa nini? Akajibiwa ya kuwa jambo hili limewadhuru raia sana, wengine wamekopa, na wengine wamezihama nyumba zao. Kukopa kwa ajili ya kulipa kodi ya ngano isiyoiva, kisha kulipa deni kwa ngano hiyo hiyo ivunwapo: taabu gani ipitayo hiyo? Wala hapakuwa na dhalimu mmoja aliyeitunga. Ililetwa na robo ya siku iliyosahauliwa.

Khalifa akaamuru Nauruzi isogezwe mbele, lakini akauawa mwaka 861 kabla shauri halijatimia. Lilitimizwa na Khalifa al-Mutadid mwaka 895. Yeye aliisogeza siku ya kodi kwa siku 60, toka Aprili hata tarehe 11 Juni, mavuno yakiwa yamekwisha, akaifunga katika hesabu ya Warumi yenye siku ya nyongeza kila miaka minne, isipate kutoroka tena. Twaweza kusema ya kuwa siku ile serikali ilikubali kumfuata mkulima.

Hata hivyo ile Nauruzi ya watu, yaani sikukuu yenyewe, iliendelea kuzunguka. Hata mwaka 1079 ilikuwa imefika mwishoni mwa Februari, siku 18 kabla ya jua kuvuka. Sultani Malik Shah wa Waturuki wa Seljuki ndiye aliyetawala, na waziri wake alikuwa Nizam al-Mulk. Sultani aliwakusanya wanajimu, mmoja wao akiwa Omar Khayyam, ambaye leo watu wengi humjua kwa mashairi tu. Wakaongeza zile siku 18, wakaweka kanuni ya kuwa Nauruzi itafuata jua lenyewe na si hesabu ya vidole. Mwaka wao huo ni sahihi mno. Kalenda ya Irani ya sasa, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1925, imeusimamia msingi huo: miezi sita ya kwanza ina siku 31, mitano inayofuata siku 30, na wa mwisho siku 29 au 30. Nayo huhesabu miaka tangu Hijra ya Mtume, lakini kwa jua.

Pengine msikilizaji wa pwani amekwisha kujiuliza mbona hatuitaji Nairuzi yake. Tumefika. Jina ni lile lile, limepita katika kinywa cha Waarabu, na jambo ni lile lile: mwaka wa siku 365. Wazee wa pwani waliugawa katika miongo, kila mwongo siku kumi; miongo 36 ni siku 360, kisha siku tano za mwisho wa mwaka. Hizo ndizo siku tano za Waajemi. Kwa miongo hiyo mkulima alijua siku za kupanda, na nahodha alijua siku za kutweka tanga. Mwaka wenyewe uliitwa kwa siku ya juma ulioanzia, na kwa kuwa siku 365 ni majuma 52 na siku moja, mwaka ulioanza Ijumaa hufuatwa na mwaka uanzao Jumamosi.

Nani aliuleta? Watu wengi wa pwani husema ya kuwa mababu zao walitoka Shiraz, na wanahistoria wamebishana juu ya habari hiyo miaka mingi. Sisi twaona ya kuwa kwa hesabu hii si lazima kuutafuta ukoo. Yatosha kuutafuta msimu. Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa Bara Arabu aliyeandika kitabu chake kikubwa karibu na mwaka 1490, alizitaja siku za kusafiri kwa kuhesabu tangu Nairuzi. Hakuweza kutumia miezi ya Kiislamu, kwa sababu kaskazi na kusi hazifuati mwezi. Katika zama zake Nairuzi ya mabaharia iliangukia katikati ya Novemba, kaskazi ikikaribia kuanza. Basi hesabu hii ilikuja katika majahazi, pamoja na maneno ya Kiajemi tuyatumiayo kila siku bila kufikiri: bandari, nanga, pamba, serikali.

Nayo Nairuzi ya pwani haikuwa na Malik Shah wa kuirekebisha. Ilizidi kurudi nyuma hata ikafika Julai. Ndiyo sababu huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, watu huoga mwaka mwezi wa Julai, miezi minne baada ya ndugu zao wa Irani. Mwaka Kogwa wa Makunduchi una mambo yake wenyewe: wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba, ili kinyongo cha mwaka kiishie hapo, wanawake hupita wamevaa vizuri wakiimba, kibanda cha majani makavu huchomwa moto na watu hukimbia kutoka ndani yake. Katika miji mingine ya pwani ng'ombe alizungushwa mjini kabla ya kuchinjwa. Mioto hii na ile ya usiku wa Jumatano kule Uajemi yafanana, lakini watu wa mataifa mengi huwasha moto mwaka ugeukapo, wala hatuwezi kusema ya kuwa mmoja umewashwa kwa kijinga cha mwenziwe. Hesabu ya siku ndiyo yenye ushahidi.

Na si Wairani peke yao waishikao Nauruzi ya Machi. Waafghani, Watajiki, Wauzbeki, Waazeri, Wakurdi na wengine wengi huisherehekea, na hapa kwetu Waismailia wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala huiadhimisha kila tarehe 21 Machi. Lakini kila mahali ilipokwenda imekutana na watawala walioitazama kwa jicho baya. Katika Umoja wa Kisovieti ilizuiliwa miaka mingi, ikarudishwa hadharani mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakurdi huwasha mioto milimani kumkumbuka Kawa, mhunzi wa hadithi aliyempindua mfalme dhalimu; na kwa kuwa hadithi ya namna hiyo haiwapendezi wenye nguvu, sikukuu yao ya mwaka 1992 huko Uturuki iliisha kwa risasi na vifo vya watu wengi. Nchini Afghanistan Taliban waliikataza walipotawala mara ya kwanza, miaka 1996 hata 2001. Na baada ya kurudi mwaka 2021 waliiondoa katika sikukuu za serikali. Kwa upande mwingine, UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2009, na mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua tarehe 21 Machi kuwa siku ya Nauruzi ya kimataifa. Karatasi hizo ni njema. Lakini sikukuu iliyoukalia utawala wa Waarabu, na Waturuki, na Wamongoli haikuzingoja.

Tumeibakiza siku moja, nayo ni ya kumi na tatu. Siku hiyo Wairani huona si vema kukaa nyumbani. Nyumba hufungwa, vyakula na mikeka huchukuliwa, na jamaa wote huenda mashambani au kando ya mto, wakala na kucheza hata jua litue. Wasichana hufunga mafundo katika majani mabichi, kila mmoja na ombi lake la moyoni. Ile sahani ya ngano iliyooteshwa, ambayo sasa imeanza kunyauka, huchukuliwa ikatupwa katika maji yanayokwenda. Asubuhi yake, siku ya kumi na nne, shule hufunguliwa.